Joto la ekzosi linalopotea: linaweza kuwasha nini kwenye gari? (Mafundi na madereva wa Arusha na Moshi karibuni)

Mkaa Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Katika kila lita ya petroli unayojaza, injini inageuza kama theluthi moja tu kuwa nguvu ya kusukuma gari, na kwa injini nyingi tunazotembelea hapa mjini ni chini ya hapo. Fungu jingine kubwa linachukuliwa na maji ya rejeta. Fungu la tatu, karibu sawa na hilo, linatokea nyuma kwenye ekzosi likiwa la moto. Halafu gari hilohilo, ili liwashe taa na kuzungusha pampu ya mafuta, linafunga mkanda kwenye alteneta na kukamua tena kile kidogo kilichobaki cha kuzungusha tairi. Hili jambo linanisumbua kila nikifuata lori usiku na kusikia hewa ya moto inavyotoka chini yake.

Tupige hesabu ya gari dogo la injini ya cc 1500, mwendo wa 80, barabara ya Boma Ng'ombe kuja KIA. Tuseme linakula lita 7 kwa kilomita 100. Kwa saa moja ni lita 5.6. Lita ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, kwa hiyo unachoma kilowati 50 hivi muda wote unaokanyaga mafuta. Zinazotoka na moshi haziwezi kuwa chini ya kilowati 15. Birika la umeme la nyumbani linakula kilowati 2, basi fikiria mabirika saba yanachemka chini ya kiti cha nyuma toka Boma hadi Usa River na hakuna anayekunywa chai.

Upande wa matumizi sasa. Pampu ya mafuta wati 60 hivi. Taa mbili za mbele za halojeni, 55 kila moja. Feni ya rejeta ikiwaka ni wati 100 hadi 200. Ongeza spaki, injekta, kontroli boksi, redio. Mchana gari dogo bila AC linaweza kuishi na wati 200, usiku 300 au 400. Kwenye karatasi wati 400 mbele ya 15,000 si kitu. Kwa nini basi hakuna gari hata moja linalokuja Dar kwa meli likiwa na kitu hiki chini yake? Ndiyo maana nimefungua uzi.

Njia inayozungumzwa zaidi haina hata kipande kinachozunguka. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aliona kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti, ukapasha kiungo kimoja na kingine ukakiacha cha baridi, panatokea nguvu ya umeme. Leo badala ya metali za kawaida wanatumia bismathi teluraidi, na wanazipanga jozi nyingi kati ya mabamba mawili ya kauri. Kinatoka kigae cheupe cha sentimita 4 kwa 4, chembamba, waya mwekundu na mweusi. Vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vinapata umeme kwa kanuni hii, joto likitoka kwenye plutoniamu, na mpaka leo vinatuma taarifa. Uimara wake hauna ubishi.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi wanaliruka, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: kigae hakili joto, kinakula TOFAUTI ya joto. Upande mmoja ukiwa nyuzi 250 na wa pili nao ukapanda hadi 240, huna kitu, hata kama bomba limekuwa jekundu. Tena umeme hauendi sambamba na tofauti, unaenda kwa mraba wake. Tofauti ikipungua nusu, wati zinabaki robo. Kwa hiyo kazi yote ya fundi iko upande wa baridi, na video nyingi za mtandaoni zinaonyesha upande wa moto tu.

Karibuni.


Fundi Umeme Majengo

Mkuu hongera kwa uzi. Mimi niko Majengo hapa Moshi, umeme wa magari ndiyo kazi yangu. Hivyo vigae nimevitoa sana kwenye mashine za mezani za maji ya baridi. Kimoja nilikibana juu ya ekzosi ya Noah, nikaweka na kipande cha hitisinki juu, kile chuma chenye mapezi cha kupoza. Kikawasha taa ya LED vizuri kabisa, halafu ndani ya muda mfupi kikafa moja kwa moja. Nikapima, waya umekatika kwa ndani. Kosa ni la kigae au la kazi yangu?


Mkaa Sakina

Fundi, kazi yako haina tatizo. Hivyo vya mashine ya maji vimetengenezwa kupooza, si kuzalisha. Kanuni ni ileile imegeuzwa: ukikipa umeme upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Ila kwa kuwa havitarajiwi kupata moto mkali, vijiti vya ndani vimeshikwa kwa lehemu laini. Vingi vya aina hiyo, ukiwemo ule maarufu wenye namba 12706, lehemu yake inayeyuka kwenye nyuzi 138. Ekzosi ya Noah karibu na manifoldi, pale moshi unapotoka kwenye injini, inapita 400 bila shida, na ukipanda mlima inaweza kugusa 700. Lehemu ikishalegea, jozi moja ikaachia, zote 127 zimekufa kwa sababu zimefungwa mfululizo.

Vya kuzalisha vinauzwa peke yake na vinavumilia nyuzi 250 hivi, vingine zaidi kidogo kwa muda mfupi. Hata hivyo usikibandike juu ya manifoldi. Rudi nyuma, baada ya masega (kile kifaa cha kusafisha moshi), ambako moto umeshapungua.

Jambo lingine, bomba ni la duara na kigae ni bapa. Ukibana bapa juu ya duara kinagusa mstari mmoja tu katikati, joto halipiti. Lazima uchomelee kisanduku cha bapa katikati ya bomba, na uso wake usagwe mpaka rula ikilala pasionekane mwanga chini yake. Kisha ile pesti nyeupe inayopakwa kwenye prosesa ya kompyuta, nyembamba sana, na bolti zenye springi. Springi ni kwa sababu chuma kinatanuka kikipata moto, na ukikaza bolti kavu bila springi kauri inapasuka.


Dereva Utalii

Wakuu, mimi naendesha Land Cruiser za wageni, injini ya dizeli ya 1HZ. Friji ya vinywaji, chaja za kamera, redio kol, vyote viko kwenye betri ya pili. Siku za safari ndefu alteneta inateseka. Ningeipenda hii kitu. Ila nina wasiwasi mmoja: umesema upande wa baridi ndiyo kazi. Ukipoozea kwa maji ya rejeta, mimi nikiwa napanda ukuta wa Mto wa Mbu kwenda Karatu mchana wa saa nane, geji ya joto tayari iko juu. Si utaniongezea?


Mkaa Sakina

Kaka, umeuliza swali ambalo wahandisi wa viwanda vikubwa walilipigania miaka mingi.

Ndiyo, nitakuongezea. Tuchukue lile gari dogo la kilowati 15 kwenye moshi. Kisanduku kizuri kinaweza kunasa kama kilowati 5, zingine zinapita. Vigae vya bismathi katika hali ya gari vinageuza asilimia 4 au 5. Tuseme 4: unapata wati 200 za umeme. Na zile wati 4,800 zilizobaki? Hazikupotea. Zimepita ndani ya kigae zikaingia upande wa baridi, na kama upande wa baridi ni maji ya rejeta, rejeta yako imepewa mzigo mpya wa karibu kilowati 5. Kwa gari lenye rejeta iliyojaa kutu, mlimani, hapo linachemsha.

Na asilimia 4 si uzembe wa mtengenezaji peke yake. Moto ukiwa nyuzi 250 na baridi nyuzi 90, sheria ya fizikia hairuhusu hata mashine kamilifu kupita asilimia 30 hivi. Vigae vyetu vinapata sehemu ndogo tu ya hiyo 30.

Kwa gari lako nisingegusa rejeta ya injini kabisa. Ningeweka rejeta ndogo ya pembeni na pampu ndogo ya umeme ya maji, mzunguko wake peke yake. Faida ni mbili. Injini haiguswi, na maji hayo yanaweza kukaa nyuzi 50 au 60 badala ya 90, kwa hiyo tofauti ya joto inakua na wati zinapanda kwa ule mraba niliousema. Ukanda wetu una hewa ya kusaidia hapo, Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi na Karatu ni juu zaidi. Pampu itakula wati 15 au 20 za kile ulichozalisha, lakini unabaki na faida.

1HZ ikila lita 9 za dizeli kwa saa, kila lita ikiwa na karibu kilowati-saa 10, unachoma kilowati 90. Kwenye moshi ziko 25 hadi 30. Friji ya gari ya kompresa inakula wati 40 au 50 ikiwa inazunguka. Inawezekana kabisa kuiendesha kwa joto la moshi.


Dada Kijenge

Samahani, mimi si fundi, nina gari tu. Mbona Arusha jua lipo? Si aweke sola juu ya paa amalize?


Mkaa Sakina

Dada, uko sahihi, na kwa Dereva Utalii ningemshauri aanze na hiyo. Gari la safari linatembea mchana, linasimama masaa mawili kusubiri chui ashuke mtini injini ikiwa imezimwa, na friji inaendelea kula. Ekzosi hapo imeshapoa, sola bado inafanya kazi. Paneli ya wati 100 haiongezi mzigo kwa rejeta, haizibi moshi, na fundi yeyote wa Ngarenaro anaifunga. Kikwazo chake ni paa lenyewe, maana magari mengi ya wageni yana paa la kuinua ili wasimame, na nafasi inayobaki ni ndogo.

Joto la moshi linashinda mahali pengine: gari linalotembea usiku, mzigo mzito, muda mrefu bila kusimama. Lori linaloingia kutoka Namanga saa sita usiku na taa zote zinawaka, au linalotafuta Holili kupitia Himo. Hapo jua halipo, na ekzosi iko kwenye moto wake wa juu kwa masaa. Kifodi cha mjini kinachosimama kila kituo hakifai, kwa sababu moshi wake hauna muda wa kupasha kisanduku. Nataka tuelewane hapa ili mtu asitupe hela: hii ni teknolojia ya safari ndefu.


Mzee wa Dizeli

Vijana, Wajerumani na Wamarekani wenye maabara wameshindwa, nyie mtaweza na mashine ya kuchomelea ya mtaani Unga Limited?


Mkaa Sakina

Shikamoo mzee. Naomba tuangalie walishindwa nini hasa.

Mwaka 2004 serikali ya Marekani kupitia wizara yake ya nishati iligharamia miradi ya vigae vya ekzosi, na BMW, Ford na General Motors walishiriki. Magari ya majaribio yalitembea na yakatoa umeme, wati mia kadhaa. Hawakushindwa kuzalisha, walishindwa kulipa. Teluriamu ni madini adimu, kisanduku kina uzito, kinabana njia ya moshi, na ukijumlisha vyote mafuta yanayookolewa ni asilimia chache.

Nitaonyesha hiyo asilimia inatoka wapi. Alteneta ya kawaida inageuza kama asilimia 60 ya nguvu inayopewa na mkanda. Wati 200 za umeme zinakula wati 330 za injini, na injini ili itoe 330 inachoma mafuta ya wati 1,200 hivi. Kwa saa ni kama lita 0.13 ya petroli. Kutoka lita 5.6, ni asilimia 2 na kidogo. Kwa mwenye IST ya kwenda kazini hiyo haimnunulii hata kigae kimoja. Kwa mwenye malori yanayolala barabarani mwaka mzima ni lita nyingi.

BMW hao hao mwaka 2005 walionyesha mtambo wa mvuke, moshi unachemsha maji na mvuke unasaidia injini. Walitaja nguvu ya ziada ya kilowati 10 kwa injini ya lita 1.8. Ni nyingi kuliko vigae mara kumi na zaidi, lakini umebeba mtambo mzima wa mvuke ndani ya boneti. Toyota wakachagua njia rahisi kuliko zote: Prius iliyotoka 2009 inatumia joto la moshi kupasha maji ya injini haraka asubuhi. Hakuna umeme hapo, ila injini haitumii mafuta mengi ikiwa baridi.

Na mzee, wewe mtu wa dizeli unajua kwamba tabo yenyewe ni kuvuna moshi: moshi unazungusha tabaini inayosukuma hewa ndani ya injini. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Scania mwaka 1991 wakaweka kwenye lori tabaini ya pili nyuma ya tabo, nguvu yake ikarudishwa kwenye krenki kwa gia. Magari ya mashindano ya Formula 1 yalikuwa na mota ya umeme kwenye shafti ya tabo kuanzia 2014, ikizalisha umeme kutokana na moshi, mpaka sheria za 2026 zilipoiondoa kwa sababu ya gharama na ugumu wake. Kwa hiyo wazo si la kitoto. Swali ni gari gani na kwa mzigo gani.


Mzee wa Dizeli

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Ila hiyo ya kubana njia ya moshi uiseme kwa nguvu, vijana wataziba injini za watu.


Mkaa Sakina

Nasema kwa nguvu mzee, na naongeza mengine yanayoweza kuua.

Kisanduku kikiwa chembamba kuliko bomba, moshi unarudi nyuma, injini inakosa pumzi, inakula mafuta zaidi ya yale uliyookoa. Eneo la ndani la kupita moshi lisipungue lile la bomba. Kisha mshono wa kuchomelea ukivuja chini ya sakafu, kaboni monoksaidi inaingia ndani ya gari. Haina harufu. Abiria analala usingizi na haamki. Mshono upimwe kwa maji ya sabuni na hewa kabla gari halijatoka gereji.

Usiondoe masega ili upate nafasi. Masega yanahitaji moto ili yasafishe moshi, ndiyo maana nasema vigae viwe baada yake. Na madereva wa mbugani, kisanduku kinachoning'inia chini kinakusanya nyasi kavu. Gari limewahi kuungua kwa ekzosi ya kawaida tu, sembuse yenye vyumba na springi. Kiinuliwe juu ya chesisi na kiwe na ngao ya bati.


Fundi Umeme Majengo

Mkuu nirudi kwenye umeme. Vigae vikishatoa, unafungaje kwenye gari bila kugombana na alteneta?


Mkaa Sakina

Hapa fundi ndipo ulipo ujuzi wako.

Kigae kimoja kwa tofauti ya nyuzi 100 kinakupa wati 1 au 2 za kweli, kwa volti ndogo inayocheza kila ukikanyaga mafuta. Utafunga kadhaa mfululizo kupata volti, na mafungu sambamba kupata ampea. Usiunge moja kwa moja kwenye betri. Katikati weka konveta ya kupandisha au kushusha volti. Nzuri zaidi ni ile inayotafuta yenyewe mahali pa wati nyingi, kama chaja za sola zinavyofanya, kwa sababu kigae kinatoa wati zake za juu pale mzigo unapolingana na ukinzani wake wa ndani.

Sasa alteneta. Regeleta yake inalenga volti 13.8 hadi 14.4. Ikiona betri imeshafika hapo, inajipunguza yenyewe. Kwa hiyo weka konveta yako juu kidogo ya lengo la alteneta ya gari hilo, mathalani 14.4 kama yenyewe inakaa 14.2. Umeme wa joto utabeba mzigo kwanza, alteneta itajaza pengo tu. Usipite 14.7, utachemsha betri. Kwenye magari mapya ambayo kompyuta inaongoza alteneta, njia hii inachanganya kompyuta, hapo lisha betri ya pili peke yake na uache ya kwanza.

Usisahau dayodi, inayoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Injini ikizimwa na ekzosi ikapoa, betri itarudisha umeme kwenye vigae, navyo vitaanza kufanya kazi ya ile mashine yako ya maji. Asubuhi gari haliwaki.

Na kabla ya yote hayo, punguza mahitaji. Taa za ndani, za nyuma na za sahani za namba zikiwa LED umeokoa wati bila kuchomelea chochote. Za mbele ziache mpaka upate taa nzima iliyotengenezwa kwa LED. Balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni inatawanya mwanga na kumpofusha anayekuja.


Mwanafunzi wa Magari

Shikamooni wote. Nasoma ufundi wa magari hapa Arusha, natafuta mradi wa mwisho. Nikichukua huu nianzie wapi? Bajeti yangu ni ndogo, siwezi kununua vigae vingi.


Mkaa Sakina

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kigae bado. Anza kupima.

Tafuta gari moja linalotembea safari ndefu, canta ya kubeba ndizi au lori la mchanga, ambalo mwenyewe atakuruhusu. Funga waya za kupimia joto sehemu tatu: mara baada ya manifoldi, baada ya masega au pale yangekuwepo, na kabla ya sailensa. Tumia ule waya unaochomekwa kwenye multimita, si bunduki ya mwanga mwekundu, kwa sababu kwenye chuma kinachong'aa bunduki inasoma chini kuliko ukweli. Waya huo nao unafanya kazi kwa ugunduzi uleule wa Seebeck, kwa hiyo kwenye ripoti yako una pa kuanzia.

Andika joto kila dakika: gari likiwa limesimama linaunguruma, likiwa tambarare, likiwa linapanda. Pima na joto la hewa inayopita chini ya sakafu, maana huko ndiko baridi yako itakapotoka. Ukipata mahali panapokaa karibu na nyuzi 250 kwa safari nzima, chora kisanduku chako hapo, kisha nunua vigae vinne tu vya kuzalisha na upime wati kwa kimoja kimoja. Vinne vinatosha kukuambia arobaini vingefanya nini. Walimu wataheshimu namba hizo kuliko taa iliyowaka mezani.

Fundi wa Majengo, kama una chuma cha kisanduku na muda, mpokee akija Moshi. Dereva Utalii, ukiweza kutupimia joto la ekzosi ya 1HZ pale juu ya ukuta wa Mto wa Mbu na jingine ukiwa umesimama geti la Ngorongoro, weka namba hapa hapa kwenye uzi. Andika pia mwendo, gia na ulikuwa na abiria wangapi.


Dereva Utalii

Natoka Jumatatu alfajiri na wageni sita. Multimita ninayo, waya wa joto sina.


Fundi Umeme Majengo

Ninao miwili. Nakutumia mmoja kwa basi la kesho asubuhi, upokee stendi. Uufunge kwa klampu ya chuma, usitumie tepu, itaungua kabla hujafika Makuyuni.